Kifua cha Rama na ukuta wa chumbani: uchambuzi wa kisa kimoja cha ukungu wa nyumba na pumu ya mtoto

Nani na wapi

Rama si jina lake, mtaa sitautaja, na vitu vidogo vidogo vya kumtambulisha nimeviondoa. Wazazi wake wamekubali kisa chao kisimuliwe maana wanasema wangeambiwa haya mapema wasingezunguka vile walivyozunguka. Mimi nilimpokea kwenye kliniki ya watoto akiwa ameshavuka miaka miwili, kwa hiyo ya nyuma nimeyapata kwa mama yake na kwenye daftari lake la matibabu, na nashukuru sana mama alikuwa analitunza lile daftari.

Mtoto amezaliwa Dar es Salaam mwezi wa nne, masika imechanganya, kazaliwa kwa wakati wake, uzito mzuri, kanyonya vizuri, chanjo zote kapata. Baba ni fundi wa kuchomelea, mama anauza vitafunwa asubuhi. Wamepanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji kadhaa huko bondeni, sehemu ambayo mvua ikipiga siku mbili mfululizo maji yanasimama uani. Baba alikuwa na pumu utotoni, anasema ilimwacha alipoingia sekondari. Kuna dada yake Rama, mkubwa, mzima kabisa, hana shida yoyote ya kifua.

Hilo la dada lishike, maana ndugu wengi walilitumia kutetea nyumba, "mbona huyu mkubwa anaishi humohumo na haumwi?" Kumbe walihamia pale dada mtu ana miaka mitano. Uchanga wake wote aliumaliza kwenye nyumba nyingine, juu mlimani, kavu. Rama yeye ndo alitoka wodi ya wazazi moja kwa moja mpaka kwenye kile chumba.

Chumba chenyewe kina dirisha moja na linafungwa kuanzia saa kumi na mbili jioni kwa sababu ya mbu na vibaka. Kitanda kimesukumwa ukutani ili kabati liingie. Upande wa pili wa ukuta huohuo kuna bafu la wapangaji wote ambalo mwenye nyumba aliliongeza baadaye. Na Rama, kama watoto wetu wengi tu, alilazwa upande wa ukutani ili asidondoke. Yani kila usiku uso wa mtoto ulikuwa kama shibiri moja kutoka kwenye huo ukuta.

Mambo yalivyokwenda

Miezi minne alipata mafua na kikohozi, kikapita. Miezi tisa kifua kikambana, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, akalazwa, wakaambiwa nimonia, akachomwa sindano za antibayotiki akatoka. Sasa kuanzia hapo mpaka miaka miwili ndo ikawa hadithi ileile inajirudia: mafua kidogo, usiku kifua kinaanza kutoa mluzi, asubuhi mama anabeba mtoto kwenda zahanati au duka la dawa, anapewa antibayotiki ya maji, siku nne tano anatulia, wiki tatu baadaye tena.

Nilipokaa na lile daftari nikalisoma kuanzia mwanzo, neno nimonia limeandikwa kila kurasa mbili tatu. Ila ukiangalia vipimo vilivyoandikwa pembeni, mara nyingi mtoto hakuwa na homa. Nyakati nazo zinajipanga zenyewe, mwezi wa tatu hadi wa tano, halafu wa kumi na moja na wa kumi na mbili, masika na vuli. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuliona hilo kwa sababu kila safari alihudumiwa na mtu mwingine, na kila mtu alikuwa anatibu kikohozi cha siku hiyo.

Katikati hapo bibi mzaa baba akasema mtoto ana kimeo, akakatwe. Wasiojua, kuna waganga wanakata kile kinyama kinachoning'inia kooni wakiamini ndo kinachosababisha kikohozi kisichoisha. Ni hatari, mtoto anaweza kuvuja damu vibaya, kupata maambukizi, na kikohozi chenyewe kisiondoke maana hakikutoka hapo. Simlaumu bibi. Amemwona mjukuu anakohoa mwaka mzima na hospitali haina jipya, angefanyaje? Nesi mmoja wa kliniki ya chanjo ndo alimwambia mama kwa upole, "Mama Rama, usimpeleke, hilo halitamsaidia," na mama akasimama hapohapo, akavumilia maneno ya ukweni.

Bibi huyohuyo ndo alileta bila kujua kidokezo kikubwa kuliko vyote. Anaishi Dodoma. Rama alipelekwa kwake mara mbili na zote mbili kifua kilitulia ndani ya wiki moja, akarudi Dar usiku wa tatu kikaanza. Familia ikahitimisha kwamba hewa ya Dar haimpendi mtoto.

Ukuta nao ulikuwa unaongea muda wote huo. Kwanza rangi ya chini ikavimba kama malengelenge, ikabanduka, ikatoka chumvi nyeupe, halafu nyuma ya kitanda vikaja vidoa vyeusi vya ukungu. Nguo za kabatini zikawa zinanuka uvundo, mama anazifua upya kabla ya kuzivaa. Baba akaona hii ni aibu, akanunua rangi ya mafuta akapaka ukuta mzima akiwa na nia njema kabisa. Ukapendeza. Mvua za vuli zilipoanza rangi ikachanuka vipandevipande na weusi ukarudi umepanda juu zaidi ya mwanzo.

Masika iliyofuata, Rama ndo ametoka kutimiza miaka miwili, ukaja usiku ule mbaya. Alishindwa kulia, alishindwa kumaliza hata neno mama. Wakamkimbiza kwa bodaboda hospitali, akawekewa oksijeni na nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, na ndani ya saa moja akabadilika, akaomba maji. Daktari wa zamu akaandika kitu ambacho kilibadilisha safari yote: ameitikia vizuri dawa ya kufungua njia ya hewa, achunguzwe pumu.

Tulivyofikia kusema ni pumu

Mtoto wa miaka miwili humpimi pumu kwa mashine ya kupulizia, hawezi. Unaangalia mwenendo: mluzi unaojirudia, kikohozi cha usiku au akicheka na kukimbia, kubanwa hata bila mafua, historia ya pumu au aleji kwa mzazi, na je, dawa za pumu zinamsaidia? Rama alikuwa nayo karibu yote. Kwanza tuliondoa mengine. Kifua kikuu tulikitafuta, hakuna mtu nyumbani anayekohoa muda mrefu, uzito unapanda vizuri, eksirei safi. Kitu kilichokwama kooni, hapana, maana mluzi ulikuwa pande zote mbili za kifua na ulikuwa unakuja na kuondoka. Moyo uko sawa.

Tukaanza dawa ya kuzuia, steroidi ya kuvuta kwa kiwango kidogo kila siku, kwa majaribio ya miezi mitatu, pamoja na inhela ya kufungua ya kutumia akibanwa. Zote kupitia spesa yenye barakoa, yaani kichupa kinachounganishwa na inhela ili mtoto avute dawa taratibu, maana mtoto mdogo ukimpulizia mdomoni moja kwa moja dawa nyingi inaishia ulimini. Spesa ile ya barakoa bei yake iliwatoa jasho, baba alikopa. (Kwa watoto wakubwa wanaoweza kushika mdomoni, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa chini na kuzibwa vizuri kuzunguka inhela inafanya kazi. Madaktari wa Cape Town walilijaribu hilo wakalichapisha 1999 na mpaka leo inatumika, kwa hiyo asiwepo mtoto anayekosa dawa eti hakuna spesa.)

Baba aligoma mwanzoni. "Dokta, inhela si inamzoesha? Si ndo hatua ya mwisho hiyo?" Hofu hii naikuta kwa kila familia ya pili. Nilichomwambia ni kwamba steroidi ya kuvuta haina uraibu, kiwango chake ni kidogo sana ukilinganisha na vidonge, na kinachomzoesha mtoto kubanwa ni kuacha njia zake za hewa zimevimba miezi na miezi bila kuzituliza. Akakubali kwa masharti kwamba tumweleze pia kwa nini Dodoma anapona.

Nyumbani kwao

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake halikuwa kliniki. Nikaenda na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa ule, dada anayeijua nyumba hiyo vizuri.

Harufu ilikuwepo mlangoni, ile ya tambara bichi lililosahaulika kwenye ndoo. Wenyewe walikuwa hawaisikii tena, pua huzoea. Tukasogeza kitanda. Kuanzia sakafuni mpaka usawa wa nyonga ukuta ulikuwa mweusi na kijani, una manyoyamanyoya, ukigusa plasta inamumunyuka kama biskuti iliyolowa chai. Godoro la sponji upande wa ukutani lilikuwa na madoa yaleyale. Juu, kwenye silingi ya jipsamu, kuna duara la kahawia. Kwenye kona mkaa, maana siku za mvua mama anapikia koridoni na moshi unaingia ndani.

Mwenye nyumba alikuwepo, mzee wa makamo, akasema palepale: "Hiyo ni mipumzi yenu tu, mnalala wanne chumba kimoja na dirisha hamfungui." Sasa hili siyo la kubishania kwa mdomo, linapimika. Unachukua kipande cha nailoni angavu, unaukausha ukuta kwa kitambaa, unaibandika nailoni kwa gundi ya karatasi pande zote nne isipitishe hewa, unaiacha siku moja au mbili. Jasho likitokea upande wa nje wa nailoni, upande wa chumbani, basi ni mvuke wa ndani. Likitokea nyuma yake, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Tulibandika mbili, moja kwenye ukuta wa bafu na moja kwenye ukuta wa mbele. Ya ukuta wa mbele ilibaki kavu. Ya ukuta wa bafu, kufika kesho yake, matone yalikuwa yamejaa nyuma yake mpaka yanatiririka.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilifanyika jioni ileile na halikugharimu kitu: mtoto alihamishiwa sebuleni, ukuta wa mbali kabisa na bafu, na lile godoro likatolewa nje. Kumtafutia nyumba nyingine kulishindikana kwa sababu walikuwa wamelipa kodi ya miezi sita mbele na pesa ile hairudi. Kwa mpangaji wa Dar "hama" siyo ushauri, mpe kitu anachoweza kukifanya leo.

La pili, hatukupima ni ukungu wa aina gani. Ndugu mmoja alitaka tuukwangue upelekwe maabara. Lakini Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba halikuweka kipimo kwamba chini ya hapa ni salama, lilisema unyevu na ukungu vizuiwe na vikionekana viondolewe. Jina la ukungu lisingebadilisha hata hatua moja. Pesa hiyo ni bora inunue simenti.

La tatu ndo lilikuwa gumu, kumshawishi mwenye nyumba. Hapa baba Rama alifanya jambo la busara sana. Hakwenda kumwambia mzee umeniulia mtoto. Alimpa shikamoo yake, akampeleka akamwonyesha nailoni, akamwambia, "Mzee, huu ukuta unaliwa, ukianguka bafu lako lote linakwenda." Mjumbe akawepo kama shahidi. Wakakubaliana mzee anunue vifaa na amlipe fundi bomba, baba atatoa nguvukazi na kuchomelea vishikio vya gata na fremu ya kidirisha kipya cha juu chenye wavu wa mbu, ili hewa ipite usiku bila kufungua dirisha kubwa.

Fundi alipofungua bafu akakuta bomba la kutolea maji limepasuka chini ya tailizi, kila anayeoga sehemu ya maji inaingia kwenye msingi. Halafu nyumba yenyewe haina ile nailoni nzito inayowekwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza, kwa hiyo maji yalikuwa yanapanda ukutani kama utambi wa taa. Bomba likabadilishwa, sakafu ya bafu ikapewa mwinuko, plasta ya chumbani ikabomolewa yote kwenda juu kupita pale weusi ulipoishia.

Wakati wa kubomoa mtoto na dada yake walipelekwa kwa shangazi na hawakurudi mpaka pamesafishwa. Hili nililisisitiza sana. Ukiukwangua ukungu mkavu kwa brashi unaurusha hewani wote, siku hiyo moja mtoto anaweza kuvuta mwingi kuliko siku za kawaida. Waliulowesha kwanza kwa maji ya sabuni, wakafunga barakoa, takataka zikaingia kwenye mifuko. Jiki waliitumia kidogo kwenye tailizi tu, peke yake, maana ukichanganya jiki na dawa ya choo au kitu chenye amonia unatengeneza gesi ya sumu, na kwenye plasta iliyooza haisaidii, inafuta rangi nyeusi tu wakati maji yanaendelea kuja.

Fundi alitaka kupiga plasta mpya kesho yake. Baba akakataa, ukaachwa wazi wiki kadhaa, wakawa wanarudia nailoni mpaka ikatoka kavu. Majirani waliona anachelewesha kazi bure.

Matokeo

Dawa iliendelea bila kukatika. Kikohozi cha usiku kilipungua tangu wiki za mwanzo za steroidi na kuhamia sebuleni, na hapo siwezi kutenganisha kipi kilifanya nini kwa sababu vilianza karibu pamoja. Vuli ya mwaka ule alibanwa mara moja baada ya mafua, wakamaliza nyumbani kwa inhela na spesa. Masika iliyofuata hakulazwa na hakupewa antibayotiki hata moja. Alianza kukimbizana na wenzake uani, kitu ambacho mama alikuwa anamkataza.

Pumu haijaondoka. Ana miaka minne sasa, tulipojaribu kupunguza dawa ya kuzuia kikohozi kilirudi, tukairudisha. Na silingi haikutengenezwa. Mzee alisema pesa imeisha, gata likafungwa upande mmoja tu, na lile duara la kahawia likakua masika hiyohiyo. Makubaliano yalikuwa ya mdomo na hakuna mahali kipengele cha paa kiliandikwa.

Uchambuzi: je, ukuta ndo ulimpa Rama pumu?

Mama aliniuliza hivyohivyo na anastahili jibu la kweli. Kwa mtoto mmoja huwezi kuapa. Rama ana baba mwenye historia ya pumu, alivuta moshi wa mkaa, nyumba ina mende, na mafua ya utotoni peke yake yanaweza kubana kifua cha mtoto mchanga. Unyevu wenyewe unaleta zaidi ya ukungu, unalea pia wale wadudu wadogo wasioonekana wa kwenye magodoro, nao ni chanzo kikubwa cha aleji.

Ila kwa watoto wengi wakiangaliwa pamoja picha inaonekana. Cincinnati, Marekani, watafiti walichukua vumbi la nyumba mtoto akiwa na mwaka mmoja, familia zote zile mzazi mmoja au wote wana aleji, halafu wakawafuatilia. Matokeo ya 2011 yalionyesha waliokuwa na ukungu mwingi nyumbani kwenye umri huo walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuwa na pumu wakifika miaka saba. Familia ya namna hiyo ndo familia ya Rama, mwili una mwelekeo tayari halafu nyumba inausukuma. Na Espoo, Finland, watoto wa mwaka mmoja hadi saba walifuatiliwa miaka sita, na kilichojitokeza kuhusishwa na pumu mpya kilikuwa harufu ya ukungu ndani ya nyumba. Hili linanigusa kwa sababu harufu haihitaji mashine. Inawezekana harufu inakuambia kuna ukungu uliojificha nyuma ya kabati, ndani ya silingi, mahali jicho halifiki.

Kwa nini utotoni hasa? Mapafu ya mtoto yanaendelea kujengeka miaka ya kwanza, njia zake za hewa ni nyembamba mno kiasi kwamba uvimbe kidogo tu unaziba, na kinga ya mwili ndo kwanza inajifunza kipi ni adui na kipi si adui. Chembe za ukungu na vipande vyake ni vidogo vya kutosha kushuka ndani. Na mtoto mchanga anakuwa ndani muda mwingi kuliko mtu yeyote wa nyumba hiyo. Baba yuko kazini, dada yuko shule, Rama alikuwa kwenye kile kitanda mchana na usiku.

Kuhusu kutibu nyumba baada ya pumu kuwepo tayari, jibu lipo wazi zaidi. Cleveland, Marekani, utafiti uliochapishwa 2006 uliwagawa watoto 62 wenye pumu wanaoishi kwenye nyumba zenye ukungu. Wote walipewa elimu na mpango wa dawa, kundi moja likaongezewa kutengenezewa nyumba, yaani kuzibiwa vyanzo vya maji. Baada ya matengenezo, waliozidiwa kundi la nyumba zilizotengenezwa alikuwa mtoto 1 kati ya 29, na kundi jingine 11 kati ya 33. Dawa wote walikuwa nayo. Kwa hiyo wanaosema tibu mtoto achana na ukuta wanakosea, na wanaosema hama nyumba uache inhela wanakosea vilevile, na huyo wa pili ni hatari zaidi kwa sababu mtoto anaweza kufa.

Kilichofanya kazi

Daftari moja lililotunzwa. Mtoto kuhama ukuta siku hiyohiyo. Nailoni, maana ilimaliza ubishi bila mtu kutukanwa. Kufuata maji mpaka yanakotoka badala ya kupambana na weusi. Na namna baba alivyoongea na mzee, akiongelea ukuta wa mzee mwenyewe. Tungeanza na barua ya vitisho sidhani kama bafu lingefunguliwa. Afisa afya wa kata alikuwa njia yetu ya akiba. Kuna Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 na majengo yanayohatarisha afya yamo ndani ya kazi yake, lakini mpangaji anayeanzia huko mara nyingi anapewa notisi ya kuhama kabla ya ukuta kuguswa.

Kilichoshindikana

Zaidi ya mwaka mmoja mtoto alikunywa antibayotiki ambazo nyingi hazikuwa na kazi, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza mama mtoto analala wapi, ukuta ukoje, akisafiri anakuwaje. Ni maswali ya dakika moja. Naelewa foleni zetu, naelewa mluzi wa mtoto mdogo unafanana na nimonia, na mtoto mwenye dalili za hatari lazima atibiwe nimonia kwanza, hapo sipingi. Napinga mara ya sita.

Rangi ya mafuta ilikuwa pesa iliyopotea na iliongeza ubaya, kwa sababu ilifunga maji ndani yakatafuta njia ya juu. Mafundi rangi wanaijua tabia hii, ila mteja akija na kopo lake mkononi wanapaka.

Na lile jibu la "ni mipumzi yenu". Uingereza kuna mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 kule Rochdale baada ya kuishi kwenye nyumba yenye ukungu ambao wazazi waliulalamikia muda mrefu, na lawama zilielekezwa kwenye mtindo wao wa maisha. Uchunguzi wa kifo chake wa 2022 ulisema wazi ukungu ndo chanzo. Ugonjwa wake haukuwa huu wa Rama, lakini kauli waliyopewa wazazi ni ileile. Baadaye wakapitisha sheria yenye jina lake inayowabana wenye nyumba za umma kushughulikia unyevu kwa muda maalumu. Sisi hatuna kitu chenye meno hivyo kwa mpangaji wa chumba na sebule, ndo maana makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, mjumbe aweke sahihi, na paa litajwe kwa jina lake.

Kuhama

Kodi ilipokaribia kuisha wakaamua kuondoka, hasa kwa ajili ya silingi. Mama Rama akawa anazunguka na dalali na alimchosha kwelikweli. Alikuwa anaomba chumba kifungwe dakika kumi kwanza halafu ndo afungue mlango anuse. Anapapasa ukuta chini kabisa, usawa wa sakafu, anauliza bafu liko upande gani, anatazama silingi kwenye kona, anasogeza makabati ya watu. Chumba kimoja kilikuwa kizuri, bei nzuri, na kimepakwa rangi mpya, ila mpya ilikuwa ya nusu ya chini tu, juu ni ya zamani. Dalali akamwambia mwenye nyumba anapenda rangi mbili. Akauliza mpangaji wa mwisho alikuwa na watoto wadogo, dalali hajui, akamshukuru akatoka. Walichopata mwisho kiko mbali na kazi ya baba na choo ni cha nje, lakini ukuta ni mkavu, na walikwenda kukiangalia tena siku ya mvua kubwa kabla ya kulipa.